Kivuli cha Uani Kinatosha Iliki

Nyumba nyingi zenye mti mkubwa uani zina sehemu ambayo haijapewa kazi. Mchicha ukipandwa pale hurefuka na kulegea, nyanya hutoa majani bila matunda, bamia hudumaa, na mwishowe panageuzwa mahali pa kurundika matofali yaliyobaki, ndoo mbovu na majani yaliyofagiwa. Mwenye nyumba huhesabu kwamba eneo lile limepotea, na siku akipata nguvu hufikiria kuukata mti ili apate jua. Hoja yangu ni kwamba kabla ya kushika shoka afikirie kupanda iliki. Ni kiungo kisichokosekana jikoni kwetu, iwe ni kwenye pilau, chai ya maziwa, maandazi, vitumbua au kahawa. Ni ghali pia. Katika viungo vya dunia, zafarani na vanila ndizo zinazotajwa kuizidi bei. Na ni mmea ambao kwa maumbile yake hauishi vizuri mahali pasipo na mti juu yake. Kivuli kinachoonekana kuwa hasara ndicho unachokitaka, mradi kitunzwe na udongo wake usikauke.

Ukitaka kuutunza mmea huu bila kubahatisha, anza na kwao. Iliki ilitoka kwenye misitu ya milima ya Western Ghats, kusini-magharibi mwa India, na ni ya ukoo mmoja na tangawizi na manjano. Kule huota chini ya miti mirefu, zaidi kwenye mwinuko wa mita 600 hadi 1,200 hivi, mahali penye mvua ya milimita 1,500 au zaidi kwa mwaka. Yale mashina yake ya kijani yanayofikia mita 2 hadi 4 kwa kweli ni majani yaliyokumbatiana, kama ilivyo kwa mgomba. Shina halisi linatambaa chini ya udongo, likitoa machipukizi mapya pembeni mwaka hadi mwaka. Mizizi yake haiendi mbali chini. Imezoea kutafuta chakula kwenye tabaka la juu, pale majani ya msituni yanapoanguka, kuoza na kugeuka udongo mweusi. Ukiyashika mambo haya, yaani mti juu, majani yanayooza chini, unyevu usiokatika na maji yasiyotuama, unaweza kujibu mwenyewe karibu kila swali litakalozuka bustanini.

Kwamba mmea huu unaweza kuhama na kustawi ugenini hakuna ubishi. Guatemala iliupokea mwanzoni mwa karne ya 20, ukapandwa kwenye milima yenye mvua na mawingu, na leo nchi hiyo ndiyo inayoongoza duniani kwa kuuza iliki nje, wanunuzi wake wakubwa wakiwa Saudi Arabia na nchi za Ghuba, ambako kahawa bila iliki haihesabiwi kuwa imekamilika. Kwetu, iliki imelimwa kwa miongo mingi katika milima ya Usambara Mashariki, hasa upande wa Amani wilayani Muheza, kwenye mwinuko wa karibu mita 900 na mvua inayokaribia milimita 2,000. Unguja nako utaikuta kwenye mashamba ya viungo ya Kizimbani, katikati ya mikarafuu, midalasini na pilipili manga.

Lakini habari ya Usambara ina upande wa pili, nao ndio unaonifanya niseme kwamba iliki inafaa kukaa nyumbani. Wakulima waliipanda ndani ya msitu wa asili. Miti mikubwa iliachwa isimame ili itoe kivuli, ila kila kilichoota chini kilifyekwa, pamoja na miche ya miti hiyohiyo. Kwa macho ya mpita njia msitu ulikuwa bado upo. Kumbe ulikuwa msitu wa wazee watupu, kwa sababu kila palizi iliondoa warithi, na mti mkubwa ukianguka hapakuwa na wa kushika nafasi yake. Baada ya miaka kadhaa rutuba ilipungua, mazao yakashuka, na mkulima akasogea mbele au akabadilisha shamba likawa la mazao mengine. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilipoanzishwa mwaka 1997, kilimo cha iliki ndani ya msitu kilikuwa mojawapo ya mambo yaliyopaswa kukomeshwa. Wapo wanaohitimisha kwamba iliki ni adui wa mazingira. Mimi sioni hivyo. Kosa lilikuwa kuupeleka mmea kwenye msitu ambao thamani yake kwa vyanzo vya maji na kwa viumbe wasiopatikana kwingine ni kubwa kuliko zao lolote. Uani pako hakuna msitu wa kuharibu. Kuna mti ulioupanda au uliourithi, utakaoupogoa na kuupandia mwenzake ukizeeka, na maganda ya jikoni yatarudi chini yake siku zote. Kihamba cha Mchagga na kibanja cha Mhaya ni ushahidi wa muda mrefu kwamba miti, migomba, kahawa na mimea ya chini vinaweza kuishi pamoja karibu na nyumba, vizazi kwa vizazi, bila ardhi kuchoka.

Sasa tuje kwenye kivuli chenyewe, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Wakisikia mmea unapenda kivuli, wanaupeleka gizani: kwenye pembe kati ya kuta mbili, au chini ya mwembe uliofunga kama paa. Iliki ikiwekwa gizani haifi upesi, na huo ndio mtego wake. Inatoa majani marefu, ya kijani iliyokolea, inapendeza kutazama, na miaka inapita bila ua hata moja. Ikiwekwa juani nako majani yanapauka, yanageuka manjano, ncha zinaungua, na machipukizi mapya yanatoka mafupi. Inachotaka ni kivuli cha karibu nusu, kile kinachopatikana mwanga unapochujwa na majani ya juu. Kupima hakuhitaji chombo. Siku isiyo na mawingu, nenda saa sita mchana mahali unapokusudia kupanda, utazame ardhi. Ukiona udongo wote uko kwenye kivuli kisicho na doa, pana giza mno. Ukiona jua limejaa na kivuli ni mistari tu, pana ukali. Ukiona madoa ya jua yametapakaa juu ya udongo, makubwa kwa madogo, yanasogea upepo ukivuma, na ukikadiria yanachukua kama nusu ya eneo, basi hapo ndipo. Rudia kutazama miezi michache baadaye, maana mti unaopukutisha majani kiangazi utakuacha wazi katika msimu ambao jua ni kali kupita yote.

Kivuli cha ukuta ni kitu kingine, na anayetegemea ukuta lazima ajue njia ya jua. Upande wa mashariki wa nyumba hupata jua la asubuhi, ambalo ni pole, kisha nyumba yenyewe hukinga jua la alasiri. Huo ndio upande bora. Upande wa magharibi ni mbaya, kwa sababu hapo jua linapiga wakati hewa na ukuta vimekwisha kupata moto. Upande wa kaskazini na wa kusini hubadilika kwa miezi. Kwa mtu wa Dar es Salaam au Zanzibar, jua la mchana hupita upande wa kaskazini kwa sehemu kubwa ya mwaka, hivyo kusini mwa nyumba pana kivuli. Lakini kuanzia kama Oktoba hadi mwisho wa Februari jua huhamia kusini, na mmea uliokuwa umepumzika kivulini tangu masika unajikuta uko peupe katika miezi ya joto kali. Watu huona majani yanaungua Desemba wakadhani ni ugonjwa. Ni jua limehama. Kama huna upande mwingine, weka mmea kwenye ndoo au pipa lililokatwa na kutobolewa chini ili uweze kuuhamisha, au simamisha kichanja cha makuti kwa miezi hiyo.

Katika miti, mzuri ni ule wenye kilele cha juu na majani yasiyofunga. Mnazi unatoa kivuli chepesi kinachotembea, ila ukiwa peke yake mwanga huwa mwingi, kwa hiyo minazi miwili mitatu iliyokaribiana inafaa zaidi. Mfenesi unatumika sana kusini mwa India kwa kazi hii, na kwetu upo tele. Mgrevilea, mringaringa na miti ya jamii ya mshai inafaa sana nyanda za juu. Mwembe na mparachichi vina kivuli kizito, lakini ukipogoa matawi ya chini hadi urefu wa mita 4 au 5 na kupunguza ya katikati, mwanga utapenya, na mara nyingi matunda ya mti wenyewe yanakuwa bora kwa sababu ya upogoaji huo. Mkaratusi ndio ninaoukataa bila mjadala: unakunywa maji ambayo iliki inayahitaji. Kuhusu mgomba, watu wengi wangeanza nao kwa sababu uko karibu. Ni kinga nzuri kwa miche michanga, ila mizizi yake nayo iko juu na ina njaa kubwa, kwa hiyo acha nafasi ya mita 2 kati yake na iliki, na usiutegemee uwe kivuli cha kudumu.

Hapa msomaji wa pwani au wa bara kavu atauliza kama haya yote si ya watu wa milimani tu. Swali hilo ni la haki na halijibiwi kwa kutia watu moyo tu. Bukoba, ambako mvua hufikia milimita 2,000 hivi kwa mwaka, miteremko ya Usambara, Uluguru na Kilimanjaro iliyo chini ya ukanda wa baridi kali, Kakamega kwa upande wa Kenya, na sehemu zenye mvua nyingi za Unguja na Pemba, ni mahali ambapo iliki itahitaji uangalizi mdogo. Dar es Salaam, Tanga mjini na Mombasa zina joto na mvua ya kiasi, na kiangazi chake ni kirefu. Pale inawezekana, hasa ukipata aina ya Malabar ambayo inavumilia maeneo ya chini kuliko nyingine, lakini lazima uwe na maji ya kumwagilia na ukubali mavuno madogo. Nairobi na miji mingine ya juu ina baridi ya Juni na Julai inayodumaza mmea, ingawa haiuui. Kwa Dodoma, Singida au Shinyanga, ambako hewa yenyewe hukauka kwa miezi, sishauri mtu apoteze maji kwa iliki. Maji hayo yatamlipa zaidi kwenye mboga. Kukataa mahali pasipofaa ni sehemu ya ushauri, na mmea unaopigania uhai wake kila siku haumnufaishi mtu.

Kupata mbegu au mche wa kweli ni jambo la kulifanyia subira. Wengi huanza na iliki ya dukani, wakitoa mbegu nyeusi ndani ya ganda na kuzifukia. Huwa hazioti, na sababu yake iko wazi: mbegu ya iliki hupoteza uhai haraka baada ya kuvunwa, na iliyokaushwa kwa moto kisha ikakaa ghalani na dukani kwa miezi imekwisha kufa zamani. Ukitaka kuotesha kwa mbegu, tafuta punje mbichi iliyoiva kwa mkulima, osha utelezi unaozizunguka mbegu, na uzipande wiki hiyohiyo kwenye kitalu chenye kivuli na unyevu. Hata hapo uotaji unaweza kuchukua mwezi mmoja hadi mitatu, na hazitaota kwa pamoja. Njia nyepesi ni kuomba au kununua machipukizi: kipande cha shina la chini chenye shina moja lililokomaa na chipukizi moja changa, kikiwa na mizizi yake. Kikishika, kitakuwa na sifa zilezile za mama yake na kitazaa mapema kuliko mche wa mbegu. Kasoro ya njia hii ni kwamba kinabeba pia magonjwa ya mama, kwa hiyo usichukue kipande kutoka kwenye shina ambalo hujalikagua majani yake.

Kuna pia hatari ya kupewa mmea usio wenyewe. Mara nyingi kinachouzwa kwenye vyungu vya mapambo kwa jina la iliki ni mmea jamaa yake wa jenasi ya Alpinia, wenye majani yanayonukia mdalasini ukiyafikicha. Unapendeza na unavumilia mengi, ila hautakupa punje za kutia kwenye chai. Misitu yetu nayo ina jamaa wengine wa ukoo huu, ambao matunda yao mekundu watoto hupenda kuyafyonza. Tofauti inaonekana kwenye maua. Alpinia hutoa maua kwenye ncha ya shina lenye majani. Iliki ya kweli hutoa ufito mwembamba wa maua kutoka chini kabisa, pale shina linapoingia ardhini, na ufito huo unatambaa juu ya udongo au kuinuka kidogo kutegemea aina. Ua lake ni dogo, jeupe, na mdomo wake una mistari ya zambarau inayotoka katikati kuelekea pembeni. Ukikuta shamba la mtu lina maua ya namna hiyo chini ya majani, hapo omba machipukizi bila wasiwasi.

Upandaji ufanyike masika yakianza, ili mmea upate miezi ya mvua kabla ya kiangazi. Chimba shimo lenye upana wa sentimita 60 kila upande na kina cha sentimita 30 hivi. Usichimbe kwenda chini zaidi, maana mizizi haitafika huko, na shimo refu kwenye udongo wa mfinyanzi hugeuka kisima. Changanya udongo wa juu na mboji au samadi iliyooza vizuri, jaza shimo, kisha laza kipande cha shina karibu na uso wa ardhi, mizizi ifunikwe na chipukizi libaki wazi. Kulifukia shina kwa kina ni sababu ya kawaida ya kuoza. Egemeza mmea kwenye kijiti ili upepo usiung’oe. Kutoka shina hadi shina acha mita 2 au zaidi, ingawa leo litaonekana limekaa peke yake mno. Baada ya miaka michache kila moja litakuwa kichaka. Kama eneo lako hutuama maji, inua tuta au panda kwenye mteremko mdogo. Iliki inavumilia mengi, ila si kusimama ndani ya maji.

Baada ya hapo kazi kubwa ni kuiga msitu. Tandaza majani makavu kuzunguka shina, unene wa kiganja, na uyaongeze kila yanapooza. Yale uliyokuwa ukiyafagia na kuyachoma sasa yana kazi. Jembe lisikaribie. Mizizi iko juu kiasi kwamba palizi moja ya jembe inaweza kukata nusu yake, kwa hiyo magugu yang’olewe kwa mkono, na chini ya matandazo mazito hayatakuwa mengi. Samadi iliyooza mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa misimu ya mvua, inatosha kwa bustani ya nyumbani. Lakini usimwage majivu ya jikoni hapo. Mkulima wa migomba huyathamini majivu, naye ana haki, ila iliki hupenda udongo wenye uchachu kiasi, na majivu yakizidi huuondoa uchachu huo. Kiangazi, chunguza kwa kidole chini ya matandazo: pakiwa pakavu, mwagilia ndoo nzima kwa shina mara moja au mbili kwa wiki, polepole, badala ya kunyunyiza kidogokidogo kila jioni. Maji yaliyooshea mchele na mboga yanafaa kabisa, mradi hayana sabuni.

Kinachowakatisha wengi tamaa ni muda. Iliki iliyopandwa kwa chipukizi hutoa mavuno ya kwanza ya maana mwaka wa tatu, na ya mbegu huchelewa zaidi. Mtu anayelinganisha na mchicha, unaovunwa kabla ya mwezi na nusu kwisha, huona huu ni upuuzi. Nadhani ulinganisho huo haukai sawa. Mchicha unahitaji kupandwa upya kila mara, kupaliliwa, kumwagiliwa kila siku, na unachukua ardhi yenye jua ambayo mazao mengine yanaigombea. Iliki imekaa mahali ambapo hakuna kingine kingezaa, haidai kazi ya kila siku ikishashika, na ikianza inaendelea kuzaa kwa miaka 10 au zaidi. Gharama ya kungoja ni ndogo wakati ardhi unayoingojea ilikuwa haifanyi kitu. Tena kungoja huko hakukuzuii kupanda tangawizi au manjano pembeni katika miaka miwili ya kwanza, kwani nayo huvumilia kivuli chepesi, bora uyavune kabla iliki haijatanuka.

Ukifika wakati wa maua, kuna mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, shina moja la iliki halizai mwaka lilipochipuka. Hukua kwanza, kisha fito za maua hutoka chini yake mwaka unaofuata. Anayesafisha kichaka kwa kukata mashina yote yanayoonekana ya zamani anakata mavuno yake mwenyewe. Kata yale tu yaliyokwisha kuzaa na kuanza kukauka. Pili, maua hufunguka alfajiri, hudumu siku moja, na yanategemea nyuki. Kwa hiyo ondoa matandazo yaliyofunika fito, usipulize dawa yoyote ya wadudu karibu na hapo wakati wa maua, na ukiweza panda karibu vitu vinavyovuta nyuki kama mrehani, sehemu yenye jua. Konokono hupenda kula maua hayo usiku. Waokote kwa mkono jioni baada ya mvua. Panya nao huzijua punje zikikaribia kukomaa, na dawa nzuri ni kuondoa lile rundo la matofali na ndoo mbovu wanamojificha.

Magonjwa ya kuhofia ni machache. Ule wa kuoza kwa shina la chini hutokana na maji kutuama, na kinga yake nimekwisha kuitaja. Wa pili ni ugonjwa wa virusi unaojulikana India kwa jina la katte: majani machanga hutoka na michirizi ya kijani hafifu inayofuata mishipa ya jani, mmea hudumaa mwaka hadi mwaka, na huenezwa na vidukari vinavyofyonza utomvu. Hauna tiba. Ukiona jani la namna hiyo kwenye machipukizi machanga, ng’oa shina zima na uliteketeze, hata kama linauma. Mtu anayeliacha akitumaini litapona anahatarisha mengine yote, pamoja na ya jirani.

Uvunaji hauji mara moja, kwa kuwa maua hufunguka kidogokidogo kwa miezi. Punje huchukua takriban miezi minne tangu ua hadi kukomaa. Usingoje igeuke manjano. Wakati huo ganda hupasuka na harufu huanza kupotea. Chuma ile iliyojaa, bado ya kijani, inayoachia kikonyo kwa urahisi, na ukiipasua moja kwa majaribio mbegu zake ziwe nyeusi au kahawia iliyokolea. Zikiwa nyeupe, subiri. Pita kila baada ya wiki mbili au tatu, ukikata kwa mkasi ili usiuvute ufito. Kisha kausha kivulini, kwenye ungo, mahali penye upepo, ukigeuza kila siku. Jua kali hulifanya ganda lipauke. Mwenye oveni anaweza kuiweka kwenye moto mdogo sana, nyuzi 50 hivi, mlango ukiwa wazi kidogo. Kilo tano mbichi hukupa kama kilo moja kavu. Iliyokauka sawasawa hutoa mlio ukiitikisa, kwa sababu mbegu zimeachana na ganda. Hifadhi nzima kwenye chupa iliyofungwa na isiyopigwa na mwanga, na utwange siku ya kutumia, maana mafuta yanayobeba harufu yamo ndani ya mbegu na huruka upesi zikishavunjwa.

Yule atakayesema kwamba pakiti ya dukani inamtosha, sina ugomvi naye kuhusu hesabu ya shilingi. Mashina manne au matano ya uani hayatamtajirisha mtu, na anayeahidiwa utajiri kwa kiasi hicho anadanganywa. Ila iliki ya pakiti mara nyingi imekaa sana, nyingine husagwa na kuchanganywa, na mpishi hulazimika kuongeza kipimo ili asikie kitu. Punje iliyovunwa kwa wakati na kukaushwa taratibu inanukia chumba kizima ukiipasua, na chache zinatosha birika la chai. Pamoja na hilo, familia itakuwa na mti wenye sababu ya kubaki umesimama. Kichaka kikitimiza miaka kadhaa katikati yake huchoka, machipukizi yakisogea nje na kuacha kiini kitupu. Hapo, masika yakianza, chimbua kipande cha pembeni chenye afya, ukipande upya kwenye shimo lenye mboji mpya hatua chache kutoka pale, na machipukizi yaliyobaki mpe jirani mwenye mfenesi.